Snoopy akijifanya tumbusi: Je, wanabaiolojia wangewapanga vipi wanyama wa mbwa wa katuni?

Mbwa mdogo mweupe mwenye masikio meusi amejikunyata juu ya tawi la mti. Shingo ameizamisha mabegani, pua ameielekeza chini, na macho yake yanamfuata mtoto anayepita bila habari. Katika fikra zake, yeye si mbwa tena. Ni tumbusi anayemsubiri mnyonge aanguke.

Mbwa huyo ni Snoopy, mmoja wa wahusika mashuhuri zaidi wa katuni za Marekani. Kwa takribani nusu karne, mchoraji wake Charles M. Schulz alimwacha ajigeuze apendavyo: leo tumbusi, kesho nyoka majanini, keshokutwa mamba, simba, kifaru, mwari au pengwini.

Mchezo huo wa kuchekesha unagusa swali ambalo wataalamu wa baiolojia hulishughulikia kila siku: ni kitu gani hasa kinachomfanya mnyama awe wa kundi fulani? Je, ni umbo lake, mwenendo wake, mahali anapoishi, au ukoo aliotoka?

Swali hilo si la mzaha. Katika hifadhi za Rwanda, Uganda, Kenya, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jibu lake husaidia kuamua ni mnyama yupi aletwe kutoka nchi nyingine, yupi atangazwe kuwa hatarini kutoweka, na yupi apewe ulinzi kabla hajachelewa kupatikana.

Mbwa aliyechoka kuwa mbwa

Katuni za Peanuts zilianza kuchapishwa tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti 7 ya Marekani. Snoopy alijitokeza siku 2 baadaye, akitembea kwa miguu minne kama mbwa mwingine yeyote.

Schulz alizaliwa Minneapolis mwaka 1922 na kukulia mji jirani wa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota. Kielelezo cha Snoopy kilikuwa mbwa wa nyumbani kwao aliyeitwa Spike. Mwaka 1937, Schulz akiwa bado kijana, mchoro wake wa mbwa huyo ulichapishwa katika safu ya magazeti ya Robert Ripley iliyokusanya mambo ya ajabu, kwa kuwa Spike alikuwa na mazoea ya kumeza vitu visivyolika.

Kadiri miaka ya 1950 ilivyosonga mbele, Snoopy alianza kusimama kwa miguu miwili, kuwaza kwa maneno yanayosomeka, na kuwaiga wanyama wengine. Katika filamu ya Krismasi iliyorushwa na televisheni ya Marekani Desemba 1965, msichana Lucy anamtaka aigize wanyama wote wa mchezo wa jukwaani. Anaulizwa kama anaweza kuwa kondoo, kisha ng'ombe, kisha pengwini. Anaviweza vyote, na mwishowe anajigeuza tumbusi bila kuombwa.

Schulz alifariki dunia tarehe 12 Februari 2000, usiku wa kuamkia siku ambayo katuni yake ya mwisho ilichapishwa. Alikuwa amechora karibu katuni 18,000, na kazi yake ilikuwa ikisomwa katika magazeti zaidi ya 2,600 duniani.

Ngazi ya Linnaeus

Iwapo mtaalamu angeombwa kuwapanga wanyama wa Snoopy, angeanza na kazi ya Carl Linnaeus, tabibu na mwanasayansi wa Sweden. Mwaka 1735 alichapisha kitabu kifupi kiitwacho Systema Naturae, alimopanga viumbe katika makundi yaliyomo ndani ya makundi. Toleo la 10 la kitabu hicho, la mwaka 1758, ndilo linalohesabiwa hadi leo kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama.

Utaratibu wake unafanana na anwani ya mtu. Barua inayotoka mbali hutafuta kwanza nchi, halafu mkoa, wilaya, kata, kijiji, na hatimaye nyumba yenyewe. Vivyo hivyo, mnyama hutafutwa kuanzia himaya, kisha faila, ngeli, oda, familia, jenasi, hadi spishi.

Anwani ya Snoopy ni hii:

• Himaya: Animalia, yaani wanyama wote.
• Faila: Chordata, wanyama wenye uti wa mgongo pamoja na jamaa zao wa karibu.
• Ngeli: Mammalia, wanaonyonyesha watoto wao.
• Oda: Carnivora, walao nyama kama paka, dubu, fisi na mbwa.
• Familia: Canidae, mbwa, mbweha na bweha.
• Jenasi: Canis, mbwa na jamaa zake wa karibu zaidi.

Linnaeus alitegemea zaidi kile ambacho jicho linaona: meno, kwato, manyoya, chuchu. Njia hiyo ilimfikisha mbali, lakini mara nyingine ilimpotosha. Katika toleo hilo la 1758 aliwahamisha nyangumi kutoka kwa samaki na kuwaweka panapowafaa, miongoni mwa wanyonyeshao. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho aliwaweka popo katika kundi moja na nyani na binadamu.

Miaka 101 baadaye, mwaka 1859, Charles Darwin alichapisha maelezo ya kwa nini makundi hayo yapo. Alieleza kwamba viumbe hufanana kwa sababu wana babu mmoja, na hutofautiana kwa sababu vizazi vyao vimebadilika kidogo kidogo katika mazingira mbalimbali. Tangu hapo, uainishaji ukawa kazi ya kutafuta nasaba. Siku hizi nasaba hiyo husomwa katika mifupa na pia katika vinasaba, yaani DNA, vilivyomo ndani ya kila chembe hai.

Hapo ndipo mchezo wa Snoopy unapogeuka kuwa somo. Kufanana si udugu. Mbwa anayekaa juu ya tawi kama tumbusi bado ni mbwa, na kazi ya mtaalamu ni kutodanganywa na mkao.

Snoopy mwenyewe ni nani?

Hata anwani ya Snoopy haina nyumba moja iliyokubaliwa na wote. Linnaeus alimpa mbwa wa kufugwa jina la Canis familiaris, na mbwamwitu wa nchi za kaskazini akamwita Canis lupus, akiwahesabu kuwa spishi mbili.

Vinasaba vimeonyesha kwamba mbwa wote wa kufugwa wametokana na mbwamwitu wa kale, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Kwa sababu hiyo, wataalamu wengi humwita mbwa Canis lupus familiaris, yaani nususpishi ya mbwamwitu. Wengine wamebaki na jina la Linnaeus, wakisema kwamba mbwa ametengana na mababu zake kiasi cha kustahili jina lake mwenyewe.

Kiswahili nacho kinaongeza fumbo lake. Neno mbwamwitu hutumika kwa yule wa hadithi za Ulaya, na pia kwa mbwa wa porini wa Afrika mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano. Huyu wa Afrika ni Lycaon pictus, mwenye jenasi yake peke yake. Miguu yake ya mbele ina vidole vinne, ilhali mbwa wa kufugwa ana vidole vitano. Si babu wa mbwa wa nyumbani, bali ni binamu wa mbali, na yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Jambo jingine linaloweza kumshangaza mfugaji ni kwamba uzao hauna nafasi katika ngazi ya Linnaeus. Snoopy ni bigli, mbwa wa kuwinda sungura aliyekuzwa Uingereza. Lakini kwa macho ya sayansi, bigli mwenye cheti na mbwa koko anayelala nje ya bucha ni spishi moja.

Tumbusi yupi?

Tumbusi ndiye mnyama wa Snoopy anayekumbukwa zaidi, naye ndiye anayempa mtaalamu kazi ngumu zaidi. Sababu ni kwamba duniani kuna koo mbili za ndege wanaokula mizoga, na koo hizo si ndugu wa karibu.

Tumbusi wa Afrika, Asia na Ulaya wamo katika familia ya Accipitridae, pamoja na tai na mwewe. Tumbusi wa mabara ya Amerika, wakiwamo kondori, wamo katika familia nyingine iitwayo Cathartidae, yenye spishi 7 zilizo hai. Kwa muda fulani baadhi ya wataalamu waliwadhania kuwa jamaa wa korongo.

Koo zote mbili zina kichwa na shingo zenye manyoya machache au zisizo nayo kabisa, mabawa mapana ya kuelea hewani bila kupiga, na tumbo linalostahimili nyama iliyooza. Hawakurithi sifa hizo zote kutoka kwa babu mmoja aliyekuwa mla mizoga. Kila ukoo ulifika hapo kwa njia yake, kwa sababu kazi moja hudai zana zinazofanana, kama vile wavuvi wa maziwa mawili yasiyoonana wanavyoweza kuunda mitumbwi ya umbo moja.

Tofauti huonekana mtu anapochunguza. Tumbusi mwenye kichwa chekundu wa Amerika, Cathartes aura, hunusa mzoga uliofichwa chini ya miti. Tumbusi wa Afrika hutegemea macho, na humtazama mwenzake anayeshuka ili ajue pa kwenda. Isitoshe, tumbusi wa Amerika hawana kiungo cha sauti walichonacho ndege wengi, hivyo hawawezi kulia. Hutoa mlio wa kufoka au kukoroma tu.

Snoopy ni Mmarekani, na tumbusi mwenye kichwa chekundu huonekana Minnesota alikokulia Schulz na California alikohamia baadaye. Kwa kuzingatia makazi, Cathartidae ingekuwa dhana yenye nguvu. Lakini michoro yenyewe haina rangi ya kichwa wala umbo la mdomo, na mtaalamu mwangalifu angesimama hapo.

Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu? Kwa sababu kinachoua ukoo mmoja kinaweza kupita mbali na mwingine. Katika miaka ya 1990, tumbusi wa jenasi Gyps nchini India na nchi jirani walipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 watafiti walithibitisha chanzo chake: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ambayo huharibu figo za ndege hao wanapokula mzoga wa mnyama aliyetibiwa.

Tumbusi wa Afrika wa jenasi hiyo hiyo nao wako taabani, ingawa adui mkubwa hapa ni sumu. Baadhi ya wafugaji huitia katika mizoga ili kuwaua simba na fisi, na majangili huitumia ili ndege wanaozunguka angani wasiwafichue kwa askari wa wanyamapori. Mwaka 2015, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, uliziweka spishi 4 za tumbusi wa Afrika katika daraja la juu kabisa la hatari, akiwamo tumbusi mgongo-mweupe, Gyps africanus, aliyekuwa akionekana kwa makundi makubwa katika mbuga za Afrika Mashariki.

Mamba, nyoka na jamaa wasiotarajiwa

Snoopy akilala chini na kujiburura majanini huwa nyoka. Akifungua kinywa na kusubiri, huwa mamba. Mtazamaji yeyote angewaweka wawili hao pamoja: magamba, tumbo chini, damu baridi. Tumbusi angewekwa kando kwa sababu ana mabawa.

Nasaba inasema vingine. Nyoka wamo katika oda ya Squamata, pamoja na mijusi, kenge na vinyonga. Mamba wamo katika ukoo mwingine wa kale, ambao ndani yake walitokea pia dinosaria, na kutoka kwa dinosaria wakatokea ndege. Njia ya mamba na ile ya ndege ziliachana zaidi ya miaka milioni 230 iliyopita, lakini njia ya nyoka ilikuwa imeachana nao wote wawili kabla ya hapo.

Kwa maneno mengine, mamba wa Snoopy ni ndugu wa karibu zaidi wa tumbusi wake kuliko wa nyoka wake. Dalili zipo kwa anayezitafuta: mamba, kama ndege, ana moyo wenye vyumba vinne, hutengeneza kiota, na mama hulinda mayai na kuitikia sauti za vifaranga vinavyotaka kutoka.

Inafaa pia kusema kwamba mamba wa Snoopy si yule wa Mto Nile, Ziwa Tanganyika au Rufiji. Katuni zinamtaja mamba wa Amerika wa jenasi Alligator, ambayo ina spishi mbili tu, moja Marekani na nyingine China. Pua yake ni pana, na akifunga kinywa, meno ya chini hufichika. Mamba wetu, Crocodylus niloticus, hata akifunga kinywa huonyesha jino la nne la taya la chini.

Hata jina hilo la mamba wa Nile lilikuwa limewafunika wanyama wawili. Mwaka 2011, uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba mamba wengi wa Afrika Magharibi na sehemu za Afrika ya Kati ni spishi nyingine, Crocodylus suchus. Waliokuwa wakihesabiwa kuwa wengi kwa sababu ya wenzao wa mashariki, ghafla wakaonekana kuwa wachache.

Mwari, pengwini na ndege wa Mabamba

Snoopy anapokuwa mwari, mdomo wake hugeuka kapu. Anapokuwa pengwini, hutembea kwa hatua fupi akiwa amebana mikono. Wote ni wa ngeli ya Aves na wote huishi kwa samaki, lakini wamo katika oda mbili tofauti: Pelecaniformes na Sphenisciformes.

Oda ya mwari ina mgeni anayefahamika vyema katika ukanda wa maziwa makuu. Korongo-nyangumi, Balaeniceps rex, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu cha mti, kwa muda mrefu aliwekwa pamoja na korongo kwa sababu ya miguu yake mirefu. Vinasaba vimemhamishia kwa mwari, pamoja na fundichuma, ndege wa kahawia anayejenga kiota kikubwa kupita kiasi juu ya miti ya kando ya maji.

Watalii hufika katika kinamasi cha Mabamba nchini Uganda, kando ya Ziwa Victoria, ili kumwona. Anapatikana pia Sudan Kusini, Zambia, mashariki mwa Kongo, Rwanda na magharibi mwa Tanzania. Kwa kuwa yuko peke yake katika familia yake, akitoweka itapotea spishi moja na tawi zima la ukoo pamoja nayo.

Pengwini naye si wa barafu peke yake, kama katuni nyingi zinavyoonyesha. Pengwini wa Afrika, Spheniscus demersus, huzaliana katika pwani za Namibia na Afrika Kusini. Mwaka 2024 IUCN ilimpandisha hadi daraja la juu kabisa la hatari, hasa kwa sababu samaki anaowategemea wamepungua.

Simba asiye simba

Miongoni mwa wanyama wakali ambao Snoopy alijigeuza ni yule ambaye Wamarekani humwita simba wa milimani. Jina linatisha, lakini halimwelezi kwa usahihi. Mnyama huyo ni Puma concolor, anayepatikana kuanzia Canada hadi kusini mwa Chile.

Simba wa kweli, Panthera leo, ana jenasi moja na chui na simbamarara, na hunguruma. Puma hawezi kunguruma. Hukoroma kwa kuridhika kama paka wa jikoni. Jamaa yake anayefahamika zaidi kwetu ni duma. Basi, mtalii wa Marekani anayemtazama duma wa Serengeti anamwona ndugu wa karibu wa paka mkubwa wa kwao, hata kama hajui.

Simba wenyewe nao wamepangwa upya. Mwaka 2017, kundi la wataalamu wa paka la IUCN liliwagawa katika nususpishi mbili: mmoja wa kaskazini, magharibi na kati ya Afrika pamoja na India, na mwingine wa mashariki na kusini mwa Afrika.

Mgawanyo huo una maana kwa Rwanda. Simba wa Hifadhi ya Akagera walitoweka katika miaka iliyofuata mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2015 hifadhi hiyo ilipokea simba 7 kutoka Afrika Kusini, na kwa mpangilio huo wanahesabiwa kuwa nususpishi moja na simba wa Afrika Mashariki.

Kifaru na swali la Garamba

Kifaru wa Snoopy ni wa kuchekesha: anakimbia kichwa chini akitumaini kila mtu atampisha njia. Kifaru halisi ndiye anayeonyesha kwa uchungu zaidi kwamba majina yana uzito.

Kifaru mweupe, Ceratotherium simum, ana matawi mawili, la kusini na la kaskazini. La kaskazini lilikuwa likiishi katika eneo la Uganda, Chad, Sudan, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Kimbilio lake la mwisho porini lilikuwa Hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, hadi ujangili ulipowamaliza mwanzoni mwa karne hii.

Dume la mwisho, lililoitwa Sudan, lilikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya tarehe 19 Machi 2018. Walibaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, na wanasayansi wanajaribu kuuokoa ukoo huo kwa mayai yaliyotungishwa maabara na kupandikizwa kwa majike wa tawi la kusini.

Juni 2023, vifaru weupe 16 walipelekwa Garamba kutoka Afrika Kusini. Wote ni wa tawi la kusini. Hapo ndipo ngazi ya Linnaeus inapoingia katika maamuzi ya serikali na wahifadhi. Ikiwa matawi hayo mawili ni nususpishi za spishi moja, kama wengi wanavyokubali, basi spishi imerejeshwa nyumbani. Ikiwa ni spishi mbili, kama baadhi ya watafiti walivyopendekeza mwaka 2010, basi Garamba imepokea jirani wa kuchukua nafasi ya marehemu.

Akagera ilikutana na swali hilo kwa namna nyingine. Vifaru weusi 18 waliopelekwa huko mwaka 2017 walichaguliwa kutoka nususpishi ya mashariki, ambayo ndiyo ya asili ya eneo hilo, ingawa walikuwa wametunzwa Afrika Kusini.

Kugawa jina, kugawa hesabu

Kuna wanaoona kwamba wataalamu hubadilisha majina kwa kujifurahisha. Mfano wa tembo unaonyesha vingine. Kwa miaka mingi tembo wote wa Afrika walitathminiwa na IUCN kama spishi moja. Machi 2021, kwa mara ya kwanza, walitathminiwa kama spishi mbili: tembo wa savana, Loxodonta africana, na tembo wa misitu, Loxodonta cyclotis.

Matokeo yalikuwa mazito. Wa savana aliwekwa katika daraja la walio hatarini, na wa misitu, anayeishi zaidi katika misitu ya Gabon, Kongo na majirani zao, akawekwa katika daraja la walio hatarini mno. Upungufu wake ulikuwa umefichwa na wingi wa mwenzake.

Twiga naye amefuata njia hiyo. Agosti 2025, IUCN ilikubali kwamba twiga ni spishi nne: wa kaskazini, wa kusini, mwenye mistari kama wavu, na wa Kimasai. Kwa Tanzania, ambako twiga ni mnyama wa taifa, na kwa Kenya, yenye spishi tatu kati ya hizo, maana yake ni kwamba hesabu moja ya twiga wote haitoshi tena. Kila spishi inahitaji kuhesabiwa na kulindwa kwa mahitaji yake.

Uainishaji basi haukomi. Kila jina ni dai linaloweza kupingwa kwa ushahidi mpya, kama hukumu inayoweza kukatiwa rufaa. Ndiyo maana kanuni za wanasayansi hudai kwamba anayetangaza spishi mpya aonyeshe kielelezo halisi, kwa kawaida mnyama aliyehifadhiwa mahali ambapo wengine wanaweza kumchunguza.

Ndege asiye na anwani

Amebaki mmoja. Rafiki mkubwa wa Snoopy ni ndege mdogo wa manjano, mwenye manyoya yaliyosimama kichwani na anayeruka kwa kuyumba. Schulz alimpa jina la Woodstock mwezi Juni 1970, akilichukua kutoka tamasha kubwa la muziki lililofanyika katika jimbo la New York mwaka uliotangulia.

Snoopy amejaribu kumtambua ndege huyo kwa kitabu cha ndege, akimtaka aigize mmoja baada ya mwingine, bila kufanikiwa. Rangi yake haitoshi, sauti yake ni vijistari tu hewani, na kielelezo cha kupeleka maabara hakipo.

Mtaalamu angeandika himaya, Animalia, faila, Chordata, ngeli, Aves. Kisha angeweka kalamu chini, kwa kuwa ushahidi umeishia hapo. Kwa wanyama wa kwenye karatasi, kusimama hapo hakumdhuru yeyote. Kwa kifaru wa Garamba na tumbusi wa mbugani, wahifadhi hawana budi kuendelea kupanda ngazi hiyo hadi nyumba ya mwisho, wakati wenye nyumba bado wapo.